Shahada ya Uuguzi na Lawama Isiyo Yake

Kila chuo kikuu kinapofungua shule ya uuguzi, au kinapopandisha mafunzo yake kutoka stashahada hadi shahada, huzuka lalamiko lile lile: kumgeuza mgonjwa kitandani, kumwosha, kumpa dawa kwa wakati na kumtuliza ni kazi isiyohitaji miaka mitatu au minne ya mihadhara. Uingereza, ambako tangu mwaka 2013 wanafunzi wapya wa uuguzi huingia kwa njia ya shahada, wauguzi wasomi walidhihakiwa kwamba wamesoma mpaka wanaona haya kushika beseni.

Wenye lalamiko hilo si wa kubezwa. Wanakumbuka mfumo ulioanza na shule ya Florence Nightingale katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, ambapo mwanafunzi aliishi hospitalini na kujifunza wodini. Aliyefunzwa hivyo alimaliza masomo akiwa ameshika wagonjwa wengi kuliko alivyoshika vitabu, na zamu yake ya kwanza ya kulipwa haikumtetemesha. Leo wapo wahitimu wa shahada wanaoeleza vizuri namna figo inavyochuja damu, lakini hutokwa jasho mbele ya mshipa mgumu kupatikana. Wapo pia wahadhiri ambao hawajashika zamu kwa miaka, wakifundisha kwa sanamu la mazoezi, ambalo kwa bahati mbaya haliogopi, halioni aibu wala halikatai dawa.

Hata hivyo, kumbukumbu hiyo inasahau jambo moja. Mwanafunzi wa shule ya hospitali alikuwa pia kibarua wa hospitali. Wodi ilipozidiwa, somo liliahirishwa, na anayelala mchana baada ya zamu ya usiku hasomi. Ripoti ya Goldmark iliyotolewa Marekani mwaka 1923 ilikosoa hali hiyo ya elimu kuwa mtumwa wa mahitaji ya hospitali. Mwaka huo huo chuo kikuu cha Yale kilifungua shule ya uuguzi yenye mkuu wake, Annie Goodrich, na bajeti yake yenyewe. Chuo kikuu cha Minnesota kilikuwa kimeanza kufundisha uuguzi tangu mwaka 1909. Uuguzi, basi, ulikwenda chuo kikuu ili mwanafunzi apate nafasi ya kuwa mwanafunzi. Cheo kilikuja baadaye.

Je, mgonjwa amefaidika? Hapa kuna takwimu ambayo wapinzani wa shahada huipita haraka mno. Mwaka 2003 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti uliohusu hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania na wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 232,000. Waligundua kwamba kila sehemu ya wauguzi wenye shahada ilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 tangu alazwe ulikuwa mdogo kwa asilimia 5. Mwaka 2014 utafiti mwingine wa hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya ulipata mwelekeo uo huo, safari hii kwa asilimia 7.

Msomaji makini atauliza: huenda hospitali zinazoajiri wauguzi wa shahada ndizo zenye fedha, vifaa na madaktari bora? Swali ni la haki, kwa kuwa tafiti za aina hii huonyesha mambo yanayokwenda pamoja, bila kuthibitisha kwamba moja limezaa jingine. Lakini watafiti wa 2003 walikwisha kuzingatia ukubwa wa hospitali, kiwango cha teknolojia, idadi ya wauguzi, hata uzoefu wao kazini, na tofauti haikutoweka. Tena sehemu ya takwimu hiyo inayonigusa zaidi ni ile inayohusu wagonjwa waliopata matatizo baada ya upasuaji. Matatizo hutokea katika hospitali nzuri na mbaya. Kinachotofautiana ni nani anayeyagundua mapema. Na katika kundi hilo pia, penye wauguzi wengi wa shahada vifo vilikuwa vichache.

Mtu anayevuja damu ndani kwa ndani baada ya upasuaji huenda akaonyesha shinikizo la damu la kawaida kwa muda, kwa kuwa mwili hubana mishipa na kuharakisha moyo ili kuficha upungufu. Kinachobadilika mapema ni pumzi na mapigo: pumzi 18 kwa dakika huwa 22, kisha 26, na mgonjwa huanza kuhangaika bila kueleza anachohisi. Daktari wakati huo yuko kwingine. Aliyepo ni muuguzi. Aliyefundishwa kuandika namba peke yake ataziandika kwa uaminifu na kupita. Aliyefundishwa fiziolojia ataona kwamba shinikizo zuri halimtoshi kutulia, atampigia daktari simu saa tisa usiku, na akipuuzwa atakuwa na hoja za kupiga tena. Hicho ndicho shahada inachonunua, na hakionekani kwa mtu anayepima uuguzi kwa wepesi wa mikono.

Upande wa pili una hoja moja ambayo siwezi kuizunguka. Utafiti wa 2014 ulionyesha pia kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi huongeza uwezekano wa kifo kwa asilimia 7. Kwa hiyo nchi inayorefusha mafunzo huku wodi zikiwa hazina wauguzi wa kutosha inaweza kupoteza kwa mkono mmoja kile inachopata kwa mwingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2020 kwamba dunia ina wauguzi milioni 27.9 na upungufu wa milioni 5.9. Mafunzo ya miaka miwili aliyoyabuni mwalimu wa uuguzi Mildred Montag, yaliyoanza kujaribiwa Marekani mwaka 1952, yalikuwa jibu la upungufu kama huo, na yamewafungulia mlango wengi wasioweza kumudu chuo kikuu.

Ila uhaba huo hauhitaji kufunga mlango wa shahada. Sheria ya jimbo la New York ya mwaka 2017 huruhusu kuanza kazi kwa sifa za chini, kisha humpa muuguzi miaka kumi kupata shahada. Ni njia ngumu kwa mwenye watoto na zamu za usiku, na isipoambatana na msaada wa ada itakuwa adhabu kwa maskini. Lakini haiwanyimi wagonjwa wauguzi leo.

Na lile la mikono inayotetemeka ni kosa la ratiba. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinadai angalau saa 4,600 za mafunzo ya muuguzi, nusu yake au zaidi zikiwa za vitendo, iwe ni chuo kikuu au sicho. Shule inayopeleka wanafunzi thelathini katika wodi moja chini ya mkufunzi mmoja, ikaandika saa hizo kuwa zimetimia, imewapunja wanafunzi na wagonjwa kwa pamoja. Waajiri wanaolalamika wangefanya vema kuomba waone daftari la saa hizo, na kuuliza ni nani hasa alikuwa amesimama kando ya kitanda.