Yoga Ipi, kwa Kiuno Kipi?

Mwaka 2017 chama kimoja kikubwa cha madaktari wa Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa tiba za kujaribu kabla ya vidonge kwa mtu anayeumwa kiuno kwa zaidi ya wiki 12. Wanaoisifu wana hoja. Wanaosema inaumiza watu nao hawajasema uongo. Kinachowagonganisha ni neno lenyewe, maana yoga si kitu kimoja.

Walimu wa yoga B.K.S. Iyengar na Pattabhi Jois walifundishwa na mwalimu mmoja, Krishnamacharya, huko Mysore, India, lakini kila mmoja alishika njia yake. Iyengar alitaka mkao ulionyooka, ushikiliwe kwa muda, na asiyefika asaidiwe kwa matofali ya mbao, mikanda, hata viti. Yoga ya Jois, iitwayo Ashtanga, huenda mfululizo, mkao juu ya mkao kwa kufuata pumzi. Aina nyingine, Bikram, ni mikao 26 kwa dakika 90 ndani ya chumba cha nyuzi joto 40 hivi. Joto lile humfanya mtu ajione amelainika, akajivuta kupita kiasi. Mwenye kiuno kibovu aanzie kwa yoga ya Iyengar.

Tazama kitendo kinachoonekana chepesi: kuinama kushika vidole vya miguu. Misuli ya nyuma ya paja imeshikamana na mfupa wa kukalia. Ikiwa imekaza na wewe umenyoosha magoti kwa nguvu, nyonga inagoma kuzunguka, kiuno kinapinda badala yake, na pingili za chini za uti wa mgongo zinaelemewa. Kunja magoti kidogo, sukuma makalio nyuma, inama kuanzia nyongani, mikono iishie kwenye matofali. Kaa hapo kwa pumzi 5. Ukisikia mvuto katikati ya paja, endelea. Ukiusikia juu kabisa, chini ya tako, legeza mara moja: hiyo ni kano, na kano ikiumia huchukua miezi kupona.

Kusimama kwa kichwa sioni kwa nini anayeanza afundishwe. Shingo haikuumbwa kubeba mwili, na mwenye presha ya macho asijaribu kabisa, kwani presha hiyo hupanda zaidi kichwa kikiwa chini.

Jambo moja wasifiaji hulipita haraka: yoga ya polepole haiendeshi moyo vya kutosha. Dakika 150 za mazoezi kwa wiki zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani bado utazitafuta kwa kutembea haraka au baiskeli.

Kabla ya kulipa ada, mwulize mwalimu atakupa nini badala ya mkao usiouweza. Akijibu kwamba utauzoea tu, tafuta mwingine.