Nani anatembea Dodoma, na anapita wapi?

Mpango wa mji mkuu uliochorwa mwaka 1976 na wataalamu wa Kanada uliiona Dodoma kama mji wa kutembea: makazi yaliyogawanywa katika jamii ndogo, huduma za kila siku zikiwa karibu na nyumbani, na mabasi ya kuyaunganisha. Gari binafsi halikupewa kipaumbele. Leo jiji lina watu 765,179 kwa sensa ya 2022, ofisi za wizara ziko Mtumba, takriban kilomita 17 kutoka katikati ya mji, na aliyebaki kutembea ni yule asiye na nauli.

Nenda mitaa iliyobanana kama Chang'ombe saa kumi na mbili asubuhi. Hatua chache tu unapata genge, fundi cherehani, mashine ya kusaga. Shida inaanza ukitaka kutoka mtaani. Mvua za Januari zikishanyesha, korongo linakata njia. Nimemwona mama ana ndoo ya maandazi kichwani, ndala mkononi, mtoto wa darasa la pili amemshika kanga, wanasubiri maji yapungue huku kengele ya shule ikilia ng'ambo.

Iyumbu ni kinyume chake. Viwanja vimepimwa, barabara pana, lakini nyanya unazifuata kwa bodaboda. Dada wa kazi, ambaye hapandi gari la mwenye nyumba, ndiye anayetembea juani bila mti hata mmoja wa kumkinga.

Wanaotetea upimaji wana hoja nzito. Barabara pana hupitisha zimamoto na gari la wagonjwa. Kwenye vichochoro mgonjwa anabebwa kwa mkokoteni mpaka barabarani. Wanaonya pia kwamba mtaa ukipata lami na taa kodi inapanda, na mpangaji aliyekusudiwa kusaidiwa anahamia pembezoni, ambako nauli inammaliza. Hofu hiyo ni ya kweli, na mimi sina jibu jepesi kwa mpangaji asiye na mkataba.

Hata hivyo siikubali iwe sababu ya kuacha korongo bila kivuko. Lami ya mtaa mzima inaweza kupandisha kodi. Daraja dogo la waenda kwa miguu, sidhani. Jiji lililopewa barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 haliwezi kushindwa na kivuko cha mita kumi. Na huko kwenye viwanja vipya, waachiwe wauza mboga nafasi ya genge pembeni ya barabara badala ya kufukuzwa, na ipandwe miarobaini, maana hiyo inastahimili ukame wetu.

Lile korongo nililolisema sasa lina mbao mbili. Wakazi walichanga wenyewe. Moja imeshaanza kupinda.