Nisikilizeni Mimi, Achaneni na Ile Voisi

Naandika nimelala kifudifudi, simu nimeiegemeza kwenye mto. Sababu ya kulala hivi mtaikuta huko mbele, msiniharakishe. Shoga yangu ameshatuma voisi kwenye grupu la vikoba, kaongea kidogo, iliyobaki yote kicheko. Kisa kimefika Pongwe kabla sijapakwa dawa. Leo asubuhi mtu kanipigia simu kutoka Muheza kunipa pole kwa kugonga msiba na baiskeli. Msiba! Hapakuwa na msiba, hapakuwa na turubai. Kilikuwa kijiwe cha kahawa, na wazee wote walikuwa hai na wapo hai mpaka naandika hapa.

Na aibu yenyewe ni ya kuangushwa na baiskeli Tanga. Mji tambarare, kila nyumba ina baiskeli. Mwanamke na baibui lake, mtoto kwenye keria, mfuko wa samaki unaning'inia kwenye usukani, anakupita huku anaongea na simu. Mimi mzaliwa wa Ngamiani, nakaribia hamsini, naangushwa na chombo ambacho hapa watoto wanatumwa nacho sukari.

Kuendesha nilikuwa najua, lakini. Marehemu baba alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, yenye breki ya miguu: ukitaka kusimama unarudisha pedeli nyuma, gurudumu la nyuma linakamata palepale. Nilijifunzia ile, mguu nimeupitisha katikati ya fremu kwa kuwa kiti sikifikii, mwili mzima umepinda upande. Nilipovunja ungo bibi akasema basi, inatosha. Ikaja ndoa, wakaja watoto, zikaja bajaji.

Juzijuzi kliniki ya presha wakaniambia nitafute mazoezi. Nikanunua baiskeli ya mtumba, ya Kijapani, rangi ya maziwa, kikapu mbele, kufuli lake la nyuma, maandishi ya kwao ubavuni. Fremu imeinama katikati, hata mwenye dera anapanda kwa staha zake. Fundi akaijaza upepo, akakaza nati, akaniambia, "Mama, breki za hii ni za mkono. Kulia ya mbele, kushoto ya nyuma. Na kava ya cheni haina, nguo ukunje." Nikamwambia mwanangu, mimi naendesha wewe hujazaliwa.

(Mnaouliza kwa nini dera: mlitaka nikatize Ngamiani na nini, suruali? Ndani nilivaa bukta ya mwanangu, ya Coastal Union, timu ya mpira ya hapa Tanga, kwa tahadhari tu. Hiyo bukta iwekeni akilini.)

Asubuhi za mwanzo nilikuwa nakwenda zangu Raskazone, barabara nyeupe, upepo wa bahari, hakuna anayenijua. Nikanoga. Nikajiona nimeiva. Jana baada ya alasiri nikasema leo napita mtaani kwetu watu waone. Mtaa wenyewe ni mmojawapo wa zile barabara za namba, namba yake siitaji, mtakwenda kuulizia.

Shoga alikuwa kibarazani kwake anapeta mchele. Nilipomfikia nikaachia mkono mmoja nimpungie.

Hapo ndipo usukani ulipoamua kwenda kijiweni.

Sasa naomba muelewe mwendo. Voisi inasema nilikuja mbio. Mbio zipi? Kulikuwa na mtoto ananifuata kwa miguu, na mara mojamoja anasimama kunisubiri. Tatizo halikuwa mwendo. Tatizo ni kwamba nilipotaka kusimama, miguu iliwahi kukumbuka kabla yangu. Si wanasema baiskeli haisahauliki? Kweli haisahauliki: miguu ikarudisha pedeli nyuma, vilevile kama ile ya baba. Tiki tiki tiki. Baiskeli inakwenda. Nikarudisha kwa nguvu zaidi. Tikitikitikitiki. Baiskeli bado inakwenda, na cheni nayo, ikizunguka kinyumenyume, imekamata pindo la dera upande wa kulia na inalila polepole. Mikono, ambayo ndiyo yenye breki, ilikuwa na shughuli zake. Ilikuwa inapiga kengele.

Kijiweni walikuwa wazee wanne kwenye benchi, na muuza kahawa ana birika lake juu ya jiko la mkaa. Wote wameniona. Wa kwanza akachukua kikombe chake, akanywa kilichobaki, ndipo akainuka. Wa pili akafunga kashata zake kwenye kipande cha gazeti, akatia mfukoni. Wa tatu akasogeza kandambili zake kwa mguu, moja, halafu ya pili. Muuza kahawa akalinyanyua jiko zima na birika juu yake, akarudi nyuma hatua kadhaa, na nilipomwona anafanya hivyo nikajua kumbe wameshakubaliana kwamba nitafika. Hakuna aliyekuja kunishika! Kila mtu kaokoa chake.

Mmoja akapaza sauti, "Mama, kamata breki!"

Shoga anadai nilijibu kwa shahada. Uongo. Nilijibu, "Nimekamata!" Na chini huku, tiki tiki tiki.

Aliyebaki kwenye benchi ni wa nne, goti linamsumbua, kuinuka kwake ni mradi. Na huyo wa nne, jamani, ndiye baba wa kijana aliyeleta barua ya posa nyumbani kwangu. Mtu wa heshima zake, kanzu imenyooka, kofia ya viua kichwani. Tukatazamana. Nafasi ya kutazamana ilikuwepo ya kutosha. Akasema kwa adabu yake ileile, "Karibu, mkwe."

Nikasema, "Nimeshakaribia."

Gurudumu la mbele likagusa benchi, hata kishindo hakuna. Baiskeli ikasimama wima. Mtu mwingine hapo anashusha mguu, anasalimia, yameisha. Mguu wangu wa kulia nao umefungwa na dera kwenye cheni, na kulia ndiko nilikoanza kulalia. Taratibu. Mkono ukatafuta pa kushika, ukapata kofia ya mkwe. Kofia ile, kwa wasioijua, hutobolewa vitundu na kushonwa kwa mkono kimoja kimoja, kazi ya miezi. Nikashuka nayo. Dera likapasuka kutoka gotini mpaka kiunoni, tena kwa sauti ndefu, halikuwa na haraka nalo. Nikatua kwa makalio pale pale jiko lilipokuwa.

Jiko kweli lilihamishwa. Makaa mawili yalidondoka.

Kushuka kulinichukua muda, kupanda sikumbuki. Nimejikuta nimesimama, nusu ya dera iko kwenye cheni, na mtaa mzima unatazama bukta ya Coastal, namba 10 imeandikwa pajani.

"Coastal hiyo!" akapiga kelele kijana mmoja.

"Ndio maana imeanguka," akasema mzee wa kashata. Yeye African Sports, watani wa Coastal wa hapahapa Tanga.

Mzee wa kandambili akamwuliza 1988 ubingwa wa ligi alichukua nani, yule akajibu, wakaanza, na mimi nikasahauliwa nimesimama na moshi unanifuka nyuma. Nikaona basi angalau kofia niirudishe. Nikaipangusa, nikaikunjua, nikaivika kichwani kwa heshima zote. Nikamvika mzee wa kashata. Naye akapokea, akaniambia ahsante, akaendelea na ubishi. Mkwe kakaa pale na upara wake, anatazama mbele, hasemi kitu.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Nimeletewa maji, nimeletewa khanga, fundi kaitwa kukata kitambaa kwenye cheni na hakuniambia "nilikuambia", Mungu ambariki. Nyumbani nimerudi na bajaji, nimepiga magoti kwenye kiti cha nyuma kama mtu anayeaga. Binti yangu hanisemeshi. Posa ipo palepale, mkwe katuma mtu kusema hivyo, ila kofia bado hajaipata, maana mzee wa kashata anasema yeye hakuiba, alivikwa mbele ya mashahidi.

Na lile dera, jamani, lilikuwa la shoga. Niliazima la arusi ya Chumbageni sikurudisha. Kwenye voisi hajalitaja, nadhani kwa kile kicheko hakulitambua. Kama anasoma hapa, basi ndio kajua.