Na Orwell je?

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu New Statesman, jarida la mrengo wa kushoto la Uingereza, nimeisoma mara mbili, lakini umemsifia mno aliyekuwa mhariri wake, Kingsley Martin, na doa lake kubwa umeliruka. Ni kweli jarida hilo, lililoanzishwa na Sidney na Beatrice Webb mwaka 1913, lilinawiri mikononi mwake kuanzia 1930 hadi 1960.

Ila mwaka 1937 mwandishi Mwingereza George Orwell alirudi kutoka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, kovu la risasi likiwa bado bichi shingoni, akaandika aliyoyashuhudia Barcelona: wakomunisti wakiwasaka na kuwafunga wenzao wa mrengo wa kushoto. Martin akaikataa makala. Kisha Orwell akahakiki kitabu kuhusu vita hivyohivyo, nao uhakiki ukakataliwa kwa kuwa unapingana na msimamo wa jarida. Akaambiwa kwa barua kwamba malipo atapata. Kwangu hilo ndilo linalouma: fedha ipo, nafasi ya ukweli haipo! Miaka baadaye, akila mgahawani na mwanahabari Malcolm Muggeridge, Orwell aliomba wabadilishane viti, asiuone uso wa Martin aliyeketi karibu.

Sisemi Martin alikuwa mhariri mbaya. Novemba 1957 alichapisha makala ya mwandishi J. B. Priestley dhidi ya silaha za nyuklia, barua za wasomaji zikafurika, na mapema 1958 vuguvugu la CND, la kupinga silaha hizo, likazaliwa. Mtu ni huyohuyo. Tafadhali tuandikie sehemu ya pili, na safari hii barua ile ya kukataa uiweke juu kabisa.