Punguza shira, usiipunguzie sukari

Mtu akishaamua kula kaimati, na azile kweli. Kinachoudhi ni yale mapishi yanayozunguka kila Ramadhani inapokaribia, ya kaimati za "sukari kidogo", ambazo siri yake yote ni shira iliyoongezwa maji. Mlaji anapata vitu vilivyolowa, vinne havimkati hamu, anaongeza vingine vinne, na hesabu ya sukari inarudi palepale. Msimamo wangu ni huu: pika shira kidogo, lakini ipike hadi iive.

Shira hushika kaimati kwa uzito wake. Kikombe 1 cha sukari, yaani gramu 200, na nusu kikombe cha maji huanza ikiwa na sukari asilimia 62 hivi. Kazi ya moto ni kufukuza maji hadi ikaribie asilimia 80, na hapo joto lake huwa kama nyuzi 110 za Selsiasi. Kwa moto wa wastani ni dakika 5 hadi 8 tangu ianze kuchemka, kutegemea upana wa sufuria. Asiye na kipimajoto atumie vidole: chota tone, liache lipoe kidogo, ligandamize kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha viachanishe taratibu. Ukivutika uzi usiokatika upesi, zima. Sasa weka nusu kikombe cha sukari kwenye maji yaleyale uone. Ama utachemsha muda mrefu zaidi ubaki na shira ya kaimati chache, ama utaizima ikiwa majimaji. Wengi huizima, kisha ile shira inapenya ganda na kuingia hadi ndani. Ganda likishalegea, hakuna kaimati tena.

Kuhusu ndimu watu hubishana bure, maana jibu linategemea unataka nini. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu huvunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo hauwi chenga kwa urahisi, hivyo shira hubaki inang'aa. Ukipenda kaimati zenye utando mkavu mweupe, usitie ndimu. Mimina shira ya moto juu ya kaimati kwenye sufuria pana na uzirusherushe bila kuacha hadi sukari igande juu yake. Iliki iingie mwishoni, harufu isiishie kwenye mvuke.

Unga una masharti machache. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kijiko 1 cha chai cha hamira, kijiko 1 cha chai cha sukari, chumvi kidogo, vijiko 2 vikubwa vya mtindi na kama kikombe 1 cha maji vuguvugu. Utoke rojo zito linalonata mkononi, lisilomiminika kama la chapati za maji. Kosa kubwa liko hapa: watu hukoroga kwa mwiko, wakaona unga umechanganyika, wakaufunika. Upige kwa mkono dakika 5 hadi 10 mpaka uvutike, kwa sababu mvutiko huo ndio unaoshika hewa ya hamira. Usipopigwa, hewa hutoroka na kaimati hutoka bapa. Mombasa au Dar es Salaam saa 1 ya kuumuka inatosha. Nairobi au Arusha wakati wa baridi uupe saa 2.

Mafuta yawe na kina cha sentimita 5 angalau, na joto la nyuzi 160 hadi 170. Tupia kijitone cha unga: kikizama na kupanda polepole huku kikitoa mapovu, anza. Kikipanda mara moja na kubadilika rangi, mafuta yamezidi moto, na kaimati zitaiva nje zibaki mbichi ndani. Hizo ndizo zinazonywea zikitolewa. Mafuta ya baridi nayo hunywewa na unga. Lowesha vidole kwa maji, minya unga kati ya kidole gumba na cha shahada utoke tonge la sentimita 3, lidondoshe kwenye mafuta, mkono ukiwa karibu nayo. Usijaze karai, maana joto litashuka. Zigeuze muda wote kwa kijiko cha matundu, la sivyo upande mmoja utabaki mweupe. Na kikaangio cha hewa kiacheni na viazi vyake: rojo hili litachuruzika kwenye wavu kabla halijashika umbo.

Kiasi hicho cha unga hutoa kaimati 30 na kidogo. Shira ya gramu 200 za sukari, ikiwa nzito, inazivika zote, yaani gramu 6 au 7 za sukari kwa kila moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unashauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikiwezekana nusu ya hapo. Kaimati nne basi zinakaribia gramu 25. Ziliwe na kahawa chungu, maana chai ya vijiko vitatu ndiyo inayoharibu hesabu, wala si kaimati. Asali ya tende wanayomwagia luqaimat, yaani kaimati zao, kule Oman na nchi jirani za Ghuba, mara nyingi pamoja na ufuta, ni tamu ajabu, ila ni sukari vilevile, hata muuzaji aseme nini.

Hakuna lazima ya kukaanga unga wote siku moja. Nusu ifunike uiweke kwenye friji hadi kesho. Hamira itafanya kazi polepole na ladha itazidi. Itoe dakika 30 kabla ya kukaanga, usiupige tena unga. Shira iliyobaki ikiganda, iongezee kijiko kimoja cha maji na uirudishe kwenye moto mdogo. Zilizokwisha kukaangwa usizifunike zikiwa za moto, kwani mvuke wake utalegeza ganda kabla wageni hawajaketi.