Ngorongoro kutokea Tabora: kiingilio siyo kinachotushinda

Kijiweni kwetu hapa Tabora kuna ubishi hauishi. Upande mmoja wanasema Ngorongoro ni ya wazungu, mtu wa huku akitaka kutembea apande zake treni mpaka mwisho wa reli Kigoma akaone ziwa na sokwe, arudi. Wa pili wanakwambia Mtanzania kufa hujaiona kreta, lile shimo la volkano la Ngorongoro, ni aibu, tena sisi tunalipa kwa shilingi wakati mgeni analipa kwa dola, sasa unalia nini? Mi nimefika kote kuwili, na naona wote wanabishania kitu ambacho siyo chenyewe.

Shida siyo kiingilio bana, shida ni gari. Kule chini hakishuki kibasi wala kile ki-IST chako, ni fowili tupu, na gari nalo lina ada yake ya kushuka mbali na viingilio vyenu. Mkienda wawili hela ya kukodi Land Cruiser mnaibeba wawili, mkienda sita mnagawana na inakuwa hela ya kawaida tu. Sasa mtu anatoka hapa peke yake, Nzega, Igunga, Singida, Katesh, Babati, anakata kushoto Makuyuni mpaka Karatu, kiuno kimekufa, hela ya gari hana, anapata lifti ya mpaka ukingoni, anakuta ukungu umefunika shimo lote, anapiga picha mbili na mawingu nyuma anarudi kutuambia hamna kitu. Huyo hajaenda Ngorongoro.

Ukishuka ndo unaelewa. Ulikuwa mlima mkubwa wa volkano, miaka zaidi ya milioni mbili iliyopita ukatapika uji wake wote wa moto, chini kukabaki pango, kilele kikakosa cha kukishikilia kikadidimia ndani. Kilichobaki ni bonde la kilomita za mraba kama 260 lenye kuta za mita 600 hivi, na humo kuna simba, nyati, nyumbu, viboko, ziwa la magadi lenye heroe na faru weusi ambao kwingine utawatafuta mpaka ukome. Ila twiga humo hamna! Wako wengi tu huko juu. Mdogo wangu alizunguka siku nzima anamtafuta twiga mpaka dereva akamhurumia.

Wanaosema ni ya wazungu nao nawaelewa, maana ukifika pale magari kumi, tisa yamejaa wageni, na hoteli za ukingoni bei zake usiulize kama hujakaa chini. Lakini nani kasema lazima ulale juu? Lala Karatu, gesti za watu wa kawaida zipo.

Halafu kuna jambo wengi wanalichanganya, Ngorongoro siyo hifadhi ya taifa kama Serengeti. Mwaka 1959 ilikatwa kutoka Serengeti ili wanyama, mifugo na Wamasai wakae eneo moja, na ina mamlaka yake. Mpango wenyewe ndo huo umeleta mvutano, na kuanzia 2022 kuna familia zimehamishiwa Msomera kule Handeni. Serikali inasema watu na ng'ombe wamezidi uwezo wa eneo, wengine wanasema wafugaji wanasukumwa watoke kwenye ardhi ya babu zao ili kupisha utalii, na mi siwezi kuandika habari ya kutembea kule nikajifanya hilo sijaliona. Sioni kama ni sababu ya kutoenda. Ni sababu ya kuongea na watu ukifika, siyo kupiga picha shuka zao tu.

Ukiwa umeshafika usikose Oldupai, pale mtafiti Mary Leakey alipookota fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa jamii ya binadamu wa kale, mwaka uleule 1959. Nyayo za binadamu wa kale za Laetoli, za miaka milioni 3.6, zenyewe zilifukiwa tena zisiharibike, utaona nakala. Njiani pale Katesh Mlima Hanang nao ni volkano, unauona bure dirishani.

Na Gombe, ile hifadhi ya sokwe ya Kigoma? Nzuri sana, Jane Goodall mtafiti wa sokwe alianzia pale 1960 na dunia nzima ikajua sokwe anatengeneza kijiti cha kuvulia mchwa. Ila rahisi siyo kama wanavyosema, boti la kukodi nalo linataka wenzio wa kuchangia, na sokwe siku nyingine unapanda vilima mpaka magoti yanalia ndo umwone dakika chache. Hesabu ni ileile, kwa hiyo kundi likishapatikana mi nachagua kreta kwanza, Kigoma treni ipo tutaenda tu.

Sasa hivi tuko wanne, tunatafuta wawili. Mwenye nia abebe koti, Juni pale ukingoni asubuhi siyo baridi ya Tabora ile ya kuvaa shati mikono mirefu.