Shahada ya sayansi ya data: ndoo ya vibua ina kilo ngapi?

Mpwa wangu, mtoto wa dada, amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na amechaguliwa na vyuo viwili. Kimoja kimempa takwimu, kingine sayansi ya data. Utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unamtaka athibitishe kimoja tu kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, na siku za kufanya hivyo huwa chache. Akaja nyumbani, hapa Bagamoyo, mama yake nyuma. "Shikamoo mjomba. Nithibitishe ipi?" Kabla sijaitikia vizuri, dada akatia lake: "Hiyo ya data ndiyo ya kuuza bando?"

Tulicheka, lakini swali la dada lina maana. Mtaani data ni kile kinachoisha kwenye simu ukiangalia video mbili. Hata vyuoni jina ni changa. John Tukey, mwanatakwimu wa Marekani, alianza kuwasukuma wenzake mwaka 1962 wasijifungie kwenye nadharia, washike data zenyewe. Mwaka 2001 William Cleveland akatumia jina la sayansi ya data kwa mpango wa kuipanua taaluma ya takwimu. Mwaka 2012 jarida la Harvard Business Review likaitangaza kuwa kazi yenye mvuto kuliko zote za karne hii, na baada ya hapo vyuo vikaanza kukimbizana. Anayesema sayansi ya data ni takwimu iliyobadilishiwa kanga hayuko mbali na ukweli, ingawa kanga nayo ina kazi yake.

Tuanze na upande wa sayansi ya data, maana ndiko moyo wa kijana uliko. Takwimu tuliyosomeshwa wengi wetu ilikuwa ya ubaoni. Unakokotoa kwa mkono mpaka kidole kinaota sugu, mwaka wa tatu unaonyeshwa SPSS, programu ya kulipia ambayo ukitoka chuoni huna tena. Mhitimu anaweza kukuthibitishia kanuni kurasa mbili, lakini mpe faili la mistari laki mbili, lenye tarehe zilizoandikwa kwa namna tano, aganda. Shahada ya sayansi ya data inatakiwa kuanzia hapo hapo: kuandika programu kwa lugha za kompyuta kama Python au R, kutengeneza hifadhidata, kusafisha data, kuchora grafu inayosomeka. Zana zenyewe ni za bure. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman, wahadhiri wawili wa Auckland, New Zealand, miaka ya 1990 mwanzoni, na leo mtoto wa Dunda, hapa Bagamoyo, anaipakua bila kulipa chochote zaidi ya hilo bando la dada.

Jioni ile nikamchukua kijana tukashuka soko la samaki, pale ufukweni jirani na forodha ya zamani. Nilitaka aone data kabla hazijaingia kwenye kompyuta. Vyombo vilikuwa vimetoka baharini, mnada umechangamka, na pembeni kijana mmoja anaandika kwenye daftari: jina la chombo, aina ya nyavu, samaki, kiasi. Mstari mmoja ulisema "vibua, ndoo 3". Unaofuata: "mchanganyiko, tenga 1".

"Hii nitaisafisha kwa programu, mjomba," akasema.

Nikamuuliza: ndoo gani? Ya lita 10 au ya lita 20? Ya kusawazisha au ya kichuguu? Programu haikuwepo ufukweni jioni ile, haiwezi kujua. Suluhisho liko kwenye takwimu: chagua ndoo kadhaa bila upendeleo, zipime kwenye mizani, pata wastani na uone zinatofautiana kiasi gani, kisha ukadirie shehena nzima na useme wazi kosa lako linaweza kufika wapi. Hata hivyo, ili ufikirie kuuliza ukubwa wa ndoo lazima uwe umewahi kusimama sokoni. Lazima ujue pia kwamba samaki tunayemwita tasi, mvuvi aliyetoka Kenya atakuandikia tafi, na ukiwahesabu kama aina mbili umeharibu jedwali zima. Hapo hisabati haikusaidii.

Kwa hiyo kazi hii inadai mambo matatu: hisabati ya kukadiria, ufundi wa programu, na kuijua sekta ambako data zinatoka. Shahada ya takwimu hukupa la kwanza kwa wingi. Shahada ya sayansi ya data huahidi la kwanza na la pili, na kwa sababu miaka ni ile ile mitatu, kuna kitakachopunguzwa. La tatu mara nyingi haliko kokote. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianza mwaka 2015 na somo moja la msingi kwa wanafunzi wa fani yoyote, na kufikia 2018 kikawa na shahada kamili. Ndani yake kila mwanafunzi analazimika kuchagua eneo la matumizi, iwe afya, uchumi, mazingira au jingine, na kulisomea. Mimi naona hicho ndicho kipengele cha kwanza cha kutafuta kwenye mtaala wowote. Kama hakipo, unaandaliwa kuwa fundi mwenye mkoba wa vifaa asiyejua nyumba inajengwaje.

Na mji wetu huu si mgeni wa data. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza 2009, lilihusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Viwili vya Tanzania vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Baadaye Bagamoyo ikawa pia kituo cha jaribio la mwisho la R21, chanjo iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023. Nyuma ya sindano zile kuna fomu kwa maelfu. Mtu anakaa kuangalia kama mtoto ameandikiwa dozi ya pili kabla ya ya kwanza, kama joto la mwili ni 37.5 au kuna aliyesahau nukta akaandika 375. Kazi hiyo inafanywa na wenye takwimu, wenye kompyuta, na wauguzi waliojiongeza. Sijui nani angejivunia kuiita yenye mvuto kuliko zote, ila inalipa na ina heshima.

Kwenye ajira ya serikali, sayansi ya data ina kasoro ya kijinga kidogo. Matangazo ya Mtakwimu Daraja la II kwa kawaida hutaka shahada ya takwimu au iliyochanganywa na takwimu. Mwenye cheti kilichoandikwa jina jipya inabidi ajieleze, na mfumo wa maombi ya kazi hausikilizi maelezo. Sekta binafsi haina shida hiyo. Benki na kampuni za simu, zinazoamua nani akopeshwe kwa kuangalia miamala yake, zitakuuliza umeshafanya nini, siyo cheti kinaitwaje.

Akili mnemba nayo imeingia katikati. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, kuandika mistari ya programu kumekuwa rahisi mno. Wapo wanaosema basi takwimu imeshinda, kwa kuwa kilichobaki ni kujua jibu la mashine ni la kweli au la uongo. Nakubaliana nao nusu. Asiyejua kuandika programu hawezi kukagua ile aliyoandikiwa, kama asiyejua kupika asivyoweza kujua chumvi imesahaulika katika hatua ipi.

Wazee wa taaluma wana ushauri wao mmoja: soma takwimu au hisabati kwanza, sayansi ya data utaisomea shahada ya pili. Kitaaluma ni ushauri mzuri, na mimi mwenyewe nilikuwa nautoa mpaka dada aliponikatisha. "Shahada ya pili nani atamlipia? Hata hii ya kwanza tunategemea mkopo wa Bodi ya Mikopo." Nikanyamaza. Ushauri ule ni wa mtu mwenye akiba. Kijana wa kwetu ana shahada moja, na akitoka anatazamiwa na wadogo zake watatu. Kwake, kupata ufundi wa kuuza mapema si tamaa. Kwa sababu hiyo sikuweza kumwambia takwimu moja kwa moja, ingawa kama angekuwa na uwezo wa kusoma mara mbili nisingesita.

Nilichomwambia ni aitafute orodha ya masomo ya vyuo vyote viwili, tukakaa nayo mezani na kalamu. Ile ya sayansi ya data ilikuwa na hisabati ya uwezekano na takwimu kwa mihula mitatu, matriksi (hesabu za majedwali ya namba) muhula mmoja, na mafunzo ya vitendo mara mbili. Eneo la matumizi halikuwepo. Ile ya takwimu ilikuwa na hisabati ya kutosha kuzama, na programu somo moja tu, mwaka wa pili. Nikamwambia akithibitisha ya sayansi ya data, likizo zote mbili za vitendo azifanye kwenye uvuvi au afya, hapa hapa, asiende kukaa ofisi yenye kiyoyozi kupiga fotokopi.

Amethibitisha sayansi ya data. Sasa ugomvi umehamia kwenye kompyuta. Yeye anataka mpya, mama yake ameona iliyotumika inauzwa nusu bei, na mimi nimeombwa nitoe uamuzi tena.